Makochi ya Mama Mkwe na Pikipiki ya Daktari

Jumatatu, 3 Agosti

Leo nimefanya biashara ya akili kuliko zote tangu nianze ufundi wa makochi. Wala sikutoa hata senti!

Mambo yalikwenda hivi. Daktari wa meno alipita karakana kwangu, hapa pembeni ya nyumba, kuchukua kigoda chake. Akayaona makochi ya mama mkwe. Seti nzima, mahameli ya maua ya zambarau, maua aliyoyachagua mwenyewe baada ya kunitembeza maduka saba. Daktari akakaa. Akabonyea. Akafumba macho. Akasema wagonjwa wake wanasubiri kwenye mabenchi ya mbao, na kwamba nyumbani ana pikipiki imekaa tu. Pikipiki gani? Ya kurukia milima na matope, injini ya ujazo wa mia tano. Mia tano! Shemeji yangu, mwalimu wa udereva, ana ya mia mbili na hamsini, na kila Jumapili huiegesha mlangoni kwetu makusudi ili nimuulize habari zake.

Robo saa baadaye makochi yalikuwa juu ya mkokoteni na pikipiki ilikuwa ndani ya karakana. Daktari aliondoka upesi sana, akitabasamu kwa meno yote. Nadhani ni mtu wa furaha.

Ni kweli mama mkwe anayatarajia makochi yake Jumapili. Ni kweli ameyasubiri miezi kumi na moja, na amesema nikimpiga chenga tena kazi anampa fundi wa ng'ambo ya barabara. Ni kweli pia mke wangu ndiye aliyenidhamini kwa mama yake. Lakini mbao ninazo, sponji ninayo, na mahameli ya maua imebaki nusu jora. Natengeneza seti nyingine na hakuna atakayejua. Siku sita! Kwa fundi kama mimi, siku sita ni nyingi.

Jumanne, 4 Agosti

Makochi nitaanza kesho. Leo ilibidi kwanza niiwashe pikipiki, maana kitu usichokijua ni hatari kukiweka ndani.

Kiki ya kwanza: kimya. Ya pili: kimya. Ya tatu ikanipiga yenyewe! Kile chuma kilirudi juu kwa hasira, nikajikuta nimekaa ndani ya kapu la vipande vya sponji, kandambili moja iko dirishani. Kifundo cha mguu kimevimba.

Nikamwita Spana, fundi pikipiki, jirani yangu wa ukuta. Akaizunguka mara mbili, mikono mgongoni. Akauliza kama mke wangu anajua. Nikajifanya sikusikia. Akanieleza kwamba hii ni injini ya mapigo mawili. Oili yake unaichanganya humo humo ndani ya petroli, na kila ikizunguka mara moja inalipuka mara moja, haivuti pumzi katikati kama ile ya shemeji. Kisha akanipa siri: gia ya tatu na mkono mdogo. Usiibane kwenye gia ya kwanza, usivute mafuta kwa pupa. Ina nguvu kuliko unavyohitaji, akasema, kazi yako ni kuikataza tu.

Nilimshukuru. Ushauri mzuri, kwa waoga.

Spana akavaa buti, akapiga kiki moja nzito. Ikawaka. Mungu wangu! Mikasi ikatembea yenyewe juu ya meza. Misumari ikacheza ndani ya makopo. Moshi wa buluu ukajaa hadi Spana akapotea. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kinachoungua ni nini. Nikajibu ni gundi. Akauliza tangu lini gundi inapiga kelele. Nikasema ni gundi mpya.

Nimeifunika kwa magodoro ya sponji. Inaonekana kabisa kama kochi lililovimba.

Jumatano, 5 Agosti

Makochi kesho, bila shaka. Leo nimekwenda kwenye uwanja mtupu, kule wanakofyatua matofali.

Nieleze nguvu yake inavyokuja, maana mimi hakuna aliyenieleza nikaelewa. Ukivuta mafuta kidogo inakohoa tu, pu pu pu, kama mzee anayetafuta miwani. Unaongeza, bado anatafuta. Unaanza kumdharau. Unaongeza kiasi cha unywele mmoja, na hapo nguvu yote inafika kwa mpigo, kama ndugu waliosikia umepata kazi. Hakuna anayebisha hodi! Mikono inavutwa, shingo inabaki nyuma, gurudumu la mbele linanyanyuka kutazama mawingu, na wewe unatoa sauti ambayo hujawahi kuitoa mbele ya watu.

Kisha pikipiki ikaenda. Mimi sikwenda. Niliteleza nyuma ya kiti nikakaa chini, mikono bado imekunjwa kana kwamba nimeishika. Yenyewe ikaenda kulala kwenye rundo la udongo. Wafyatua matofali watatu walipiga makofi. Mmoja aliuliza nitarudia saa ngapi, ili amwite mwenzao.

Nilirudia mara nne. Nimechunguza kwa utulivu na kosa nimeligundua. Si langu, wala si la injini. Ni kiti! Kimevikwa ngozi bandia inayoteleza. Daktari angejuaje mambo ya viti? Pikipiki hii miaka yote ilikuwa inamsubiri fundi makochi.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekivika kiti upya. Nilihitaji kitambaa kinachong'ang'ania suruali, na kwa hilo hakuna kama mahameli. Mahameli pekee niliyo nayo ni ya maua ya mama mkwe. Nikakata kipande. Nikakikata vibaya, nikakata kingine. Nikaongeza na egemeo la mgongo lenye springi mbili, ili pikipiki ikiondoka iondoke na mimi. Nikalipigilia kwa pini za makochi. Sijawahi kuona pikipiki yenye heshima namna hii.

Alasiri nikaijaribu. Egemeo linafanya kazi! Pikipiki ilipoondoka niliondoka nayo. Tukaenda wote hadi ndani ya bwawa la udongo. Kuachia mafuta hakukusaidia kitu. Ya shemeji ukiachia mafuta, injini nayo inakusaidia kufunga breki. Hii ukiachia inaendelea na safari yake. Wafyatua matofali leo walikuwa kumi na mmoja.

Lakini kabla ya bwawa kulikuwa na kitambo kifupi, labda kuhesabu hadi nne, nilipokuwa nimenyooka sawasawa, upepo usoni, na chini yangu nguvu inayovuta na kuvuta bila kuuliza mimi ni nani. Nina miaka arobaini na sita. Nilifurahi hadi nikataka kulia. Ndipo nikaingia bwawani.

Niliporudi nikakaa kuanza makochi. Balaa! Mtetemo wa injini umehamia mikononi. Nimejaribu kutunga uzi kwenye sindano mara thelathini na mbili. Nikishika kikombe cha chai, kinagonga kisahani kama kengele ya shule. Mke wangu aliona, akanigusa paji la uso, akasema najiua kwa kazi ya mama yake. Akaniletea shuka na kunifunika. Nilijiona mwizi kabisa.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku mbili zimebaki na makochi ni fremu moja yenye miguu mitatu. Maji yamenifika shingoni. Nimekwenda kwa daktari kumwomba turudishiane.

Makochi yapo kwenye chumba chake cha kusubiri. Yanapendeza, lazima niseme. Wagonjwa wawili walikuwa wamesinzia juu yake, meno wameyasahau. Daktari alinisikiliza akiwa na koleo mkononi, kisha akafunguka. Miaka mitatu amejaribu kuupanda mlima wa machimbo ya kokoto kwa pikipiki ile, na miaka mitatu imemwangusha mahali pale pale. Mke wake anasema kosa ni lake. Yeye anasema kosa ni la pikipiki. Hawajapatana hadi leo.

Basi akanipa sharti. Kesho saa tatu, mbele ya mashahidi, niupande mimi. Nikifika juu, makochi yangu na pikipiki ni yangu pia, kwa kuwa kosa litakuwa lake na hatataka kuiona tena. Nikishindwa, makochi yanabaki kwake, naye atarudi kwa mkewe kichwa juu.

Nilikubali kabla hajamaliza. Hapo mgonjwa aliyelala kwenye kiti cha kung'olea meno akageuza kichwa. Shemeji! Nusu ya uso imekufa ganzi, nusu ya pili inacheka. Akasema jambo refu lisiloeleweka, ila nilielewa kwamba atakuwepo. Nikamsihi asimwambie dada yake. Akadondosha mate. Nikachukulia kwamba amekubali.

Jumamosi, 8 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi.

Mlima wa machimbo si mrefu. Umesimama tu kama ukuta. Walikuwepo daktari na mkewe, shemeji, Spana, na wafyatua matofali wote. Hao sijui nani aliwaalika, ila walikuja na viti.

Spana akaniwashia, akanishika bega, akarudia neno lake: gia ya tatu, mkono mdogo. Nilikuwa na hofu kiasi cha kutii. Nikashika kasi nikiwa bado chini, nikatia ya tatu, nikaacha mkono umelala.

Ikapanda! Naapa ikapanda. Pu, pu, pu, nzito, bila pupa, kila mlipuko ukilisukuma tairi juu ya kokoto, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Gurudumu la mbele likakaa chini kwa adabu. Nikapita pale daktari anapoangukia siku zote. Nikamsikia mkewe akipiga vigelegele. Zilibaki hatua kama kumi na tano. Makochi yalikuwa yangu tayari.

Nikatupa jicho pembeni nimwone shemeji anavyoumia. Alikuwa anapiga miayo.

Labda jino lilimnyima usingizi, sijui. Lakini haiwezekani mtu wa mia mbili na hamsini ampigie miayo mtu wa mia tano! Nikavuta mafuta. Yote.

Ndugu wote wakafika. Gurudumu la mbele likaelekea mbinguni. Mimi nilishikilia, mahameli ikashikilia, springi zikashikilia. Zilizoachia ni zile pini. Nikashuka mlima juu ya egemeo langu, likinirusha kwenye kila jiwe, na pikipiki ikaendelea peke yake. Ikafika kileleni. Ikayumba kidogo, ikalala.

Kisha mabishano. Nikadai pikipiki imepanda, na pikipiki ni yangu, kwa hiyo nimepanda. Hakuna aliyeniunga mkono, hata wafyatua matofali. Mke wa daktari alisema jambo moja tu: kumbe inapanda hata bila mtu. Daktari akakaa juu ya jiwe. Nilimhurumia. Miaka mitatu! Halafu akainua uso, macho yanang'aa, akasema anaitaka tena. Sasa ameona namna. Makochi nirudishiwe jioni hii hii, pikipiki irudi kwake.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Tukapeana mikono. Ilipopandishwa kwenye mkokoteni nilishindwa kutazama.

Jumapili, 9 Agosti

Makochi yalirudi karakana jana jioni. Mama mkwe amekuja kuyakagua. Alikaa kwenye lile la watu watatu, akapapasa maua, akabonyea, akafumba macho. Akasema kumbe mkwe wake ni fundi. Mke wangu alinitazama kwa fahari hadi nikaangalia sakafu. Shemeji yuko kona, analamba pengo. Amani.

Kisha misumari ikaanza kucheza ndani ya makopo.

Mama mkwe akasogea dirishani. Daktari akapita barabarani kwa gurudumu moja, shati linapepea, mdomo wazi, na chini yake kiti cha mahameli ya maua ya zambarau. Maua yale hayako popote isipokuwa duka la saba. Mama mkwe akageuka polepole. Akauliza maua yake yanakwenda wapi.

Nikasema yote. Ningefanyaje? Shemeji alikuwa ameshaanza kusimulia, na ganzi ilimtoka tangu juzi. Nilipofika kwenye egemeo, mama mkwe akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Alicheka hadi akajishikiza kwenye mkono wa kochi, na mkono haukucheza hata kidogo. Natumaini hilo alilitambua.

Mke wangu hakucheka. Alisema mama amenisamehe, yeye bado anafikiria.

Jumatatu, 10 Agosti

Mke wangu amemaliza kufikiria. Asubuhi ameniletea kiti cha mama yake, kile cha mikono, ambacho mama hukalia kila jioni tangu mke wangu akiwa mtoto. Hakijawahi kuvuka mlango. Kinataka springi mpya, na kinatakiwa Jumapili. Mama alisita, lakini mke wangu amenidhamini tena. Amesema ni mara ya mwisho. Nikamshika mkono nikamwambia mambo yale yamekwisha, nimejifunza. Nilimaanisha kila neno. Hiyo ilikuwa saa mbili.

Saa tano akaingia daktari, anachechemea, mkono mmoja umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Jana alipoanguka, anasema, shida haikuwa mafuta. Shida ni kwamba halikuwepo egemeo. Mkewe amesema leo ama pikipiki ilale nje ya nyumba ile, ama daktari. Na wagonjwa waliokwisha kuzoea makochi sasa wanayanung'unikia mabenchi. Akakiona kiti cha mama mkwe. Akakaa. Akabonyea. Akafumba macho.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwa sauti kubwa, hadi Spana akagonga ukuta. Halafu nikauliza, kwa kutaka kujua tu, tairi la mbele liko katika hali gani.

Kiti kimoja cha mikono ni kazi ya siku mbili. Egemeo safari hii nalifunga kwa bolti. Na leo ndiyo kwanza Jumatatu. Siku sita!