Nilipobisha Hodi kwa Jitu

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya dunia nzima. (Nguo ninazo. Tulieni.)

Mnamjua Mwakio, binamu yangu. Tangu kompyuta za Bi Zainabu pale karibu na stesheni ya Voi ziunganishwe na mtandao, hashikiki. Anacheza mchezo fulani na watu wa nchi za mbali. Hauna picha hata moja! Ni maandishi matupu: unaandika "tembea", unajibiwa kwamba umefika msituni. Wanajiunga kikundi, wanavamia pango la jitu, wanagawana hazina.

Leo mganga wao, yule wa kuwatibu vitani, hakuwepo. Mwakio akaahidi kuleta mtu. Kiongozi akamwambia wazi: mtu wako akituharibia, mtatoka nyote wawili. Na Mwakio ameomba miezi mingi mpaka wakamkubali.

"Huu mchezo unaujua kweli?" akaniuliza.

"Mimi? Kule Wundanyi nilikuwa nafundisha watu."

(Wundanyi nilifundishwa mimi. Kupiga taipu.)

Nikajiita Simba wa Voi. Tukaingia. Kiongozi akaanza kumwaga maagizo kwa mkato: herufi tatu, nukta, herufi mbili, alama ya mshangao. Wenzake wakajibu kwa herufi zao. Mimi nikajibu "OK". Yakaja mengine. "OK". Mwakio, aliyekaa kompyuta ya pili, akaniinamia.

"Umeshika hapo?"

"Wacha wewe, hiyo ni ya watoto."

Sikuwa nimeshika chochote. Lakini ningeulizaje, baada ya majigambo yale?

Tukafika mlangoni kwa jitu. Kimya. Hakuna aliyeandika neno. Nikangoja, nikangoja, nikawahurumia: maskini, watu wazima na hawajui la kufanya mlangoni pa watu! Mimi nimelelewa Chawia. Kwa mama yangu ukiingia nyumba ya watu bila hodi, unarudishwa mpaka barabarani uanze upya. Basi nikaandika amri ya kubisha.

Vioo vya kompyuta zetu zote, huku na ng'ambo, vikaonyesha: SIMBA WA VOI ANABISHA MLANGO.

Jitu likaamka. Likaamka na ndugu zake! Kiongozi akafa wa kwanza. Wenzake wakalia nitibu, nitibu. Amri ya kutibu siijui, nikawaandikia "pole". (Mara mbili. Ya pili nikaongeza "sana".) Wakaisha wote.

"Wewe!" Mwakio akapiga kelele. "Tumeambiwa tunyamaze, tunalivizia likiwa limelala! Zile herufi ulidhani ni za nini?"

Kiongozi naye, kwa mara ya kwanza leo, akaandika maneno mazima: "Ni nani huyu anayebisha hodi kwa adui? Nje, nyote wawili."

Mwakio akakitazama kioo, kisha akakizima polepole. Hapo ndipo iliniuma.

Bi Zainabu alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, akisoma.

"Umelelewa vizuri, mwanangu," akasema. "Nyumba ya mtu haiingiwi hivi hivi. Lakini si mwaenda kuiba? Tangu lini mwizi akabisha hodi?"

Wateja wote wakaangua kicheko. Hata Mwakio akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika na akaondoka bila kuniaga.

Tafadhali msinicheke. Na mtakaokuja kunicheka nyumbani, bisheni hodi. Sitafungua.