Kamati ya Nafasi Tupu

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kwa mabango, na kwa king'ora cha gari la zimamoto lililoazimwa kwa shughuli hiyo, kwamba Halmashauri ya Jiji, baada ya kutafakari kwa kina na kwa mapana, imegundua utupu. Utupu huo uko ndani ya jengo lake lenyewe. Kuna pembe tupu, vyumba vitupu, na korido ambazo hazina kazi ila kupitisha watu. Tangu sasa, nafasi yoyote tupu itapangishwa kwa mwananchi mwenye nia njema.

Tangazo hilo aliliandika kwa mkono wake Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Nafasi Tupu. Lilipokuwa linasomwa barabarani, alisimama dirishani akawa analitikisia kichwa kila nukta. Kanuni nazo alizitunga yeye. Alizipenda kama mzazi anavyopenda watoto wake, yaani bila kuwachunguza sana.

Kanuni moja ilisema nafasi tupu ni ile isiyo na mtumiaji wakati wa uamuzi, na atapewa mwombaji wa kwanza atakayekutwa hapo. Nyingine, aliyoiona tamu kuliko zote, ilisema: "Jambo ambalo wajumbe hawajaliamua mpaka kengele ya chai, litaamuliwa na hali halisi, kama itakavyothibitishwa na Mkaguzi wa Nafasi."

Hakuna aliyejua hali halisi ni kitu gani. Ndiyo maana kanuni ilipita bila kupingwa.

Tatizo lilikuwa chini ya ngazi kuu. Pale dari linashuka mpaka mtu mzima ainame, na hapo alikaa dada yake Mwenyekiti na cherehani yake. Marehemu mumewe alikuwa mlinzi wa jengo, na alipofariki, halmashauri ya wakati ule ilimpa mjane pembe ile iwe pole. Pole hiyo ilisemwa kwa mdomo tu, makaburini, na aliyeisema naye alikwisha kulala huko huko.

Cherehani hiyo ndiyo iliyomlisha Mwenyekiti na kumsomesha, maana mama yao aliwaacha yeye akiwa bado anatambaa. Jiji zima lilimwita Mheshimiwa. Dada yake alimwita Kitinda, kwa kuwa ni kitindamimba, mtoto wa mwisho, tena kwa sauti ya kufika ghorofani.

"Kitinda! Njoo hapa. Suruali imekubana nyuma."

"Dada, kuna watu."

"Hao watu wameshaiona. Geuka."

Mwenyekiti aligeuka. Ilikuwa asubuhi ya kikao, na wananchi waliokuwa wanapanda ngazi walimsalimia kwa heshima zote huku amewapa kisogo, futi kamba kiunoni.

"Nasikia Bwana Chaji anaitaka pembe yangu," alisema Dada, pini zikiwa mdomoni.

Bwana Chaji alikuwa anachaji simu za watu sokoni. Sasa alikuwa ameleta jalada lenye picha ya rangi: chini ya ngazi pana vioo na taa za bluu, na watu waliochorwa humo wote wanacheka, hata wale ambao simu zao hazijajaa.

"Ni maombi tu, dada. Na wewe si uliomba?"

"Niliomba. Nimeandika, naomba mahali pa kukaa na cherehani, humu humu jengoni, Mungu awabariki."

"Basi kamati itawapima."

"Na wewe utasemaje?"

"Mimi sitakuwemo. Kanuni inasema mwenye uhusiano na mwombaji atoke nje."

Dada alitoa pini mdomoni. "Nani kaitunga?"

"Mimi."

"Hata ulipokuwa mdogo ulikuwa hivi hivi. Ukivunja kikombe tu, unakimbilia chooni." Akaikunja futi yake. "Mapazia ya ukumbi wenu nimemaliza. Niyatundike saa ngapi?"

"Wakati wa chai. Ukumbi ukiwa mtupu."

Alipanda ngazi akijisikia mwadilifu na mwepesi. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amemwomba Mungu juu ya jambo hilo. Hakuomba dada yake ashinde, wala Bwana Chaji. Aliomba tu asiwemo chumbani.

Kikao kilifunguliwa kwa sala. Wajumbe walipitisha mambo ya kawaida kwa pumzi moja: taa ya barabarani inayowaka mchana ilipongezwa kwa bidii, na shimo la mbele ya soko liliongezewa muda wa kujirekebisha. Likafuata suala la maombi ya upangaji. Mwenyekiti akasimama, akatangaza udugu wake kwa sauti nzito, akatoka akaufunga mlango taratibu kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

Hata hajapata pa kuegemea, mlango ukafunguliwa. Akatoka Mheshimiwa Hoja, ambaye hajawahi kukosa hoja.

"Vipi, imekwisha?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nimetangaza maslahi."

"Maslahi gani? Wewe si ndugu yake!"

"Gauni la harusi la binti yangu liko kwake. Limekatwa, halijashonwa. Sasa mheshimiwa, mimi nipige kura dhidi ya mtu aliyeshika mkasi?"

Mlango ukafunguliwa tena. Huyu alikuwa Mheshimiwa Mwalimu: sare za kwaya nzima ziko kwa Dada, na yeye ndiye kiongozi wa sauti ya nne. Nyuma yake akatoka Makamu, bila koti.

"Koti langu liko kwake," alisema Makamu, "na ufunguo wa nyumba umo mfukoni mwa koti."

Wakatoka wote, mmoja mmoja, nyuso zimejaa uadilifu. Wa mwisho alikuwa Karani, ambaye hata kura hana. Alinyanyua kidevu awaonyeshe kola ya shati lake: ilikuwa imechakaa, Dada akaigeuza, sasa kama mpya.

"Sasa ndani kabaki nani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kabaki Mungu," alisema Karani.

Wakainamisha vichwa, kwa heshima.

"Basi turudini," alisema Hoja.

"Haturudi mpaka suala liamuliwe," alisema Mwenyekiti, akijivunia kanuni yake.

"Na nani ataliamua?"

"Walio ndani."

Wote waliutazama mlango. Ndipo kengele ya chai ikalia.

Mkaguzi wa Nafasi alikuwa kijana mkavu ambaye watu walimwita Chaki, kwa sababu ya kile alichotembea nacho na kwa sababu ya uso. Kengele ilipolia alianzia chini. Akainama chini ya ngazi, akamkuta Dada anakata uzi kwa meno. Akaandika: ina mtumiaji. Bwana Chaji aliyekuwa amesimama hapo na jalada lake alisema hapo panaweza kutumiwa vizuri zaidi. Chaki akamjibu kwamba kanuni haina neno "vizuri".

Sauti ya Chaki ilipaa mpaka juu, na moyo wa Mwenyekiti ukaruka kwa furaha ambayo kamati haikuwa imeiidhinisha.

Chaki akapanda. Nyuma yake akapanda Dada, mapazia begani. Chaki alifungua ukumbi, akatazama viti, akainama akatazama chini ya meza. Akatoka, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: TUPU.

"Wewe Chaki!" alifoka Hoja. "Si tupo hapa?"

"Mpo koridoni, waheshimiwa. Korido nitaifikia."

Dada alibisha hodi. Hakuitikiwa, akaingia, akaweka mapazia juu ya meza ya Mwenyekiti.

"Mama, wewe ni mwombaji?" aliuliza Chaki.

"Niliomba, mwanangu."

"Na upo hapa?"

"Au unaona mwingine?"

Chaki alijaza mkataba wa ukumbi palepale. Kisha akatoka koridoni na kunyoosha mkono. "Mwenyekiti, muhuri."

Muhuri ulikuwa mfukoni mwa suruali, ile ile ya kubana. Wajumbe wote walimkodolea macho. Angeweza kukataa. Angeweza kuunda kamati ndogo. Angeweza hata kwenda chooni; choo kilikuwa hatua chache tu, na mlango uko wazi. Ndani, dada yake alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, shingo imenyooka. Mwenyekiti alikumbuka kwamba hajamwona amesimama wima ndani ya jengo hilo tangu shemeji azikwe.

"Mheshimiwa, wewe ni ndugu yake," Hoja alimnong'oneza. "Hutakiwi kuwemo ndani."

"Mimi niko koridoni," alisema Mwenyekiti. Akamgeuza Chaki, akauweka mkataba mgongoni kwake, akagonga muhuri.

Tangu siku hiyo Kamati Maalumu ya Nafasi Tupu, iliyokosa ukumbi na kuiwahi pembe ya Dada kabla ya ukaguzi mwingine, hukaa chini ya ngazi. Wajumbe huingia wameinama, na wananchi wanaopita husema, kumbe waheshimiwa wetu ni wanyenyekevu. Mahudhurio hayajawahi kuwa mazuri hivi. Hakuna anayethubutu kuchelewa wala kutoka mapema, maana kwenye benchi la mbele ya pembe hiyo amekaa Bwana Chaji na jalada lake, anangoja pabaki patupu.

Juzi hata hivyo wajumbe wengine walitoka kunywa chai wakamwachia Mwenyekiti zamu. Alikuwa peke yake, kichwa kimegusa dari, aliposikia viatu vya Chaki. Bwana Chaji akainuka.

"Mheshimiwa," alisema Chaki, akiichungulia pembe, "hapa unatumia nafasi, au umekaa tu?"

Mwenyekiti alitafuta jibu katika kanuni zake zote, moja baada ya nyingine, akakuta hajawahi kuitungia kazi yake hata mstari. Chaki akainua chaki.

Ndipo kutoka juu, kupitia nafasi za ngazi, likateremka pindo la shuka refu jeupe, likamwangukia magotini.

"Kitinda!" ilisema sauti ya ukumbini. "Nishikie hapo chini nikate. Na usiachie mpaka nikwambie."

Alilishika kwa mikono miwili. Chaki alilitazama shuka, akaitazama mikono, akaandika: ina mtumiaji. Kisha akaendelea na korido.