Mboga za Kupunguza Mahari

Jumamosi, 4 Agosti 1951. Thika.

Baridi kali. Vidole vimekufa ganzi kwenye cherehani. Mzee Githinji wa Ruiru ameleta jibu lake: nikitaka kumwoa binti yake Waithira, nipeleke mbuzi madume kumi, wanono, wa kuchinjwa siku ya karamu. Mimi nina mmoja, naye anakohoa.

Leo nimemtazama sana Mama Parvati, mama yake Bwana Kanji, mwenye duka ambaye nashonea barazani kwake. Ni mkongwe, lakini amepandisha debe la maji ghorofani bila kupumzika. Nimemwuliza anakula nini. Amesema dengu, mboga, chapati, maziwa. Nyama hajaonja tangu azaliwe. Nimemwuliza kama haioti usingizini. Amecheka mpaka akakaa chini.

Wazo limenijia nikishona vifungo. Mtu asiyekula nyama atadai mbuzi wa nini?

Jumapili, 5 Agosti.

Baiskeli mpaka Ruiru. Nimemkuta Mzee Githinji ameketi nje, kidole gumba cha mguu kimevimba kama kiazi, hakitaki kuguswa hata na blanketi. Nikamweleza faida za mboga. Tumbo huwa jepesi, usingizi huwa mtamu, damu hutulia, viungo haviumi. Hapo kwenye viungo nimeongeza mwenyewe. Akasikiliza vizuri sana. Kisha akasema, "Mbuzi hula majani. Mimi hula mbuzi. Kwa hiyo, kijana, majani nimeyala maisha yangu yote."

Waithira alikuwa akichambua maharagwe ya njahi. Aliinamisha kichwa asionekane akicheka.

Alhamisi, 9 Agosti.

Nimeona siwezi kuhubiri nisichokijua. Tangu Jumatatu nakula kama Mama Parvati. Amenifundisha kukaanga bizari kwanza, ndipo dengu zifuate. Jambo la ajabu: sisinzii tena mchana juu ya cherehani. Bwana Kanji ameliona hilo, akauliza kama naumwa. Mambo ya choo sitayaandika, ila nimefurahi. Na tena nimeanza kujiuliza: fahali anakula nyasi tu, zile nguvu anazitoa wapi? Miaka yote hii nimewaona mafahali, sikuwahi kuuliza.

Jioni nimeonja mutura sokoni, utumbo wa mbuzi uliojazwa nyama. Kipande kimoja. Hakihesabiki, nilikuwa nimesimama.

Jumapili, 12 Agosti. Ruiru tena.

Habari njema. Maumivu yamemzidi mzee. Amesema atajaribu chochote, hata majani yenyewe. Nikampikia dengu kwa mikono yangu, na mchicha wa terere pembeni, mbele ya dada yake Wamboi, ambaye alisema hajawahi kuona mkwe akibisha hodi na fungu la majani ya dania badala ya mbuzi. Mzee alikula. Akaomba tena.

Waithira alinisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza kwa nini namhangaikia baba yake hivi. Nikasema ni mapenzi tu. Akauliza tena: "Na wewe utakula hivi hivi tukioana?" Nikasema ndiyo. Nilishangaa kuona kwamba sikuwa nadanganya.

Jumapili, 26 Agosti.

Uvimbe umekwisha. Mzee Githinji amenipokea wima, viatu miguuni, vyote viwili. Anaamka kabla ya jogoo na kuwahubiria majirani habari za terere. Nikaona saa imefika. Nikasema kwa upole kwamba, kwa kuwa baba sasa hali nyama, huenda wale madume kumi hawana kazi tena.

Akanishika mkono. Akasema nimenena kweli, hata yeye amekuwa akiliwaza hilo. Madume hawataki. Anataka majike kumi, wa kukamuliwa, maana mtu wa mboga asipopata maziwa atadhoofika.

Nani huuza mbuzi anayekamuliwa? Nilikuwa bado nalifikiria hilo Wamboi alipokohoa. Aliyeacha nyama ni kaka yake, akasema, si ukoo. Ukoo utakuja karamuni na meno yake. Madume kumi wako palepale.

Waithira akauliza kama basi sasa ni ishirini. Wote waliniangalia mimi, na mzee akaniongezea dengu.

Jumatatu, 27 Agosti. Thika.

Nimeshona suruali ya mteja, mguu mmoja mbele nyuma. Nimeifumua. Nimeishona vilevile tena.

Waithira ametuma neno kupitia mwuza maziwa. Anasema niache ujanja. Niende kwa baba yake nimwambie wazi kwamba nina mbuzi mmoja mwenye kikohozi. Mzee amenipenda, atakubali nilete kidogo kidogo, kama alivyofanya yeye mwenyewe alipooa.

Ushauri mzuri sana. Nitauwaza baadaye.

Kwanza nimepanda ghorofani kumwuliza Mama Parvati kama duniani kuna watu wasiokunywa hata maziwa. Amefikiri. Amesema amesikia wapo, na wana afya nzuri.

Nimeshuka kutia baiskeli upepo.