Kopa Nne na Kiti cha Dirishani

Jumanne, 4 Machi
Mvua. Magoti yanalia. Shemeji, kaka wa mke wangu na fundi cherehani mstaafu, kakalia tena kiti cha dirishani. Eti anataka mwanga wa kushonea vifungo. Mimi nataka kuliona basi la shule: mjukuu wangu hupita humo saa tisa, hunipungia mkono. Nimeacha madirisha mengi maishani bila kuyaaga. Hili silitoi bure! Tumekubaliana: Ijumaa tucheze poka kwa maharage. Mshindi atakalia kiti mpaka mwezi uishe.

Jumatano, 5 Machi
Nimemaliza kitabu kizima cha poka. Nimeipata siri! Kopa, karata za moyo mwekundu, zikijaa mezani, kila mtu huhofia kwamba mwenzake kaficha ya tano mkononi, maana kopa tano ni ushindi mkubwa. Basi karata ya mwisho ikishafunuliwa, mwenzio akaweka dau, usiongeze kwa kishindo. Ongeza kidogo tu. Atadhani unambembeleza aingie mtegoni, atatupa karata zake. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mke wangu kauliza kwa nini nacheka na ukuta.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi. Kopa nne mezani, mkononi sina hata moja. Shemeji akaweka maharage kumi. Nikaongeza mawili, uso mkavu. Akafuata bila hata kukuna kichwa! Alikuwa na jozi ya tatu tu, ya hovyo. Akasema kwa maharage mawili angelipia hata kutazama meno yangu ya bandia. Mke wangu alicheka mpaka akaketi.
Siri haina kosa. Kosa ni kukosa kopa.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya hukumu. Kopa nne tena, na safari hii ninaye malkia wa kopa! Shemeji akaweka kumi, nikaongeza mawili. Kisha akasukuma maharage yake yote katikati, akaniuliza, shemeji, moyo unao? Kitabu kilionya: ukiongeza kidogo ukarudishiwa kikubwa, tupa karata. Lakini kitabu hakimjui Shemeji, anayekimbia hata kuku. Nikafuata.
Akafunua mfalme wa kopa!
Mke wangu kayazoa maharage, kayabandika jikoni. Kiti kimekwenda.

Jumatatu, 10 Machi
Nilijikunyata pembeni na gazeti. Saa tisa Shemeji akapaza sauti: shemeji, we shemeji, fanya haraka, mjukuu huyo! Akainuka, akanishika kiwiko, akaniketisha dirishani. Mjukuu alikuwa amebandika pua kwenye kioo cha basi, anapunga mikono yote miwili. Nilipunga hadi basi likakata kona. Shemeji akarudi kitini, akatunga uzi kana kwamba hakuna lililotokea.
Nimemchunguza tangu hapo. Mtu anayeachia kiti bila kusukumwa, ataachia na karata. Alihitaji kubembelezwa zaidi, basi. Maharage mawili yalikuwa mengi mno! Nimemtaka turudiane Ijumaa. Kaguna, kakubali.
Nitaongeza moja.