Sebule ni Alipo Bibi

Jumatatu, 4 Machi
Mhadhiri anakuja Ijumaa! Roboti yangu ikitoka jikoni ikafika sebuleni bila kushikwa mkono, napata nafasi katika maabara yake ya chuoni. Nisipopata mimi, anapata binamu. Roboti yake ina kompyuta ya maana. Yangu inafikiri kwa simu ya zamani ya Mama, yenye kioo kilichopasuka. Sina wivu. Nimeomba tu umeme ukatike kwao.

Jumanne, 5 Machi
Roboti hutazama kwa kamera, hulinganisha na picha ilizotunza, ndipo hujua iko wapi. Simu haibebi picha nyingi. Basi kila chumba alama moja, tena isiyohama. Jikoni, friji. Sebuleni, Bibi! Tangu goti lianze kumsumbua habanduki kitini. Akauliza tangu lini amekuwa kabati. Nikamwambia ni heshima kubwa.

Jumatano, 6 Machi
Imefika! Imefika tena! Binamu kapita kuchungulia, akasema inatembea kama mtu aliyesahau alichofuata. Nikatabasamu. Kimoyomoyo nikamtoa kwenye ukoo.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Bibi alitoka uani kuota jua. Roboti ikamfuata, ikasimama miguuni pake, ikatangaza kuwa imefika sebuleni. Bibi akaikaribisha. Mama akauliza nani kahamisha sebule. Ningeweza kubadili alama. Nimeona rahisi kumbadili Bibi: ameahidi kesho hatainuka, hata nyumba ikiungua.

Ijumaa, 8 Machi
Mhadhiri alibisha hodi. Bibi, ambaye hajawahi kumpokea mgeni akiwa amekaa, akainuka! Na goti lile lile bovu! Akamshika mkono, akamleta mwenyewe hadi jikoni, roboti ilikokuwa ikisubiri. Roboti ikamwona Bibi, ikatangaza kuwa imefika sebuleni, ikajizima. Haikuwa imesogea hata kidogo. Binamu, aliyekuja kushuhudia, alicheka hadi akapaliwa.

Bibi akaniuliza kwa sauti ya chini kama ameniharibia. Nikamwambia hapana, hata mimi nikimwona yeye ndipo najua nimefika nyumbani. Mhadhiri alisikia. Akafuta miwani kwa muda mrefu. Akasema uamuzi utangoja hadi Jumatatu, ila nitafute alama isiyoinuka kusalimia wageni.

Jumamosi, 9 Machi
Nimewaza tangu alfajiri. Nimepata! Paka wetu. Kutwa yuko juu ya kochi, na tangu azaliwe hajamsalimia mgeni yeyote. Nimeshampiga picha.