Makosa Sifuri

Jumatatu, 6 Mei

Siku njema kweli! Mkuu wetu wa chumba cha ramani anastaafu. Nimempa mkono, nimemtakia mapumziko mema, jicho likiwa kwenye kiti chake. Kina magurudumu na mahali pa kuegemeza viwiko. Nashukuru kuishi hadi leo.

Mkurugenzi wa idara ya maji ametuita wawili. Mimi na Bi Gambuti. (Jina nimempa mwenyewe, maana huja ofisini na viatu vya mpira hata jua likiwaka.) Amesema amechoka na ramani ya kutazama tu, sasa anataka mtandao. Yaani kompyuta yenyewe ijue maji yanatoka tangi lipi, yanapita bomba lipi, na ukifunga valvu hii nani ataamka hana maji. Mimi nimepewa mji wa mashariki, mwenzangu magharibi. Mwisho keshokutwa. Mwenye mtandao safi ndiye atakayekaimu nafasi ya mkuu.

Na si mchezo. Jumamosi linabadilishwa bomba lililopasuka upande wangu, na mtandao ndio utakaosema valvu zipi zifungwe. Mkurugenzi amerudia mara mbili kwamba kituo cha wazazi kisikose maji hata dakika moja. Mke wangu ni mkunga pale. Nimemwambia mkurugenzi asiwe na wasiwasi.

Mabomba yote tulishayachora, mstari kwa mstari. Taabu ni kwamba kompyuta haina huruma. Mistari miwili ikaribiane mpaka jicho liape imegusana, bado haitaki. Inataka ikutane kwenye nukta moja hasa, la sivyo kwake maji hayapiti, na hapo inatia alama nyekundu. Nimebonyeza kitufe cha ukaguzi. Makosa 1,312! Mashariki yangu yote ina surua.

Bi Gambuti ana 1,290. Amechukua karatasi zake, amemwita fundi wa valvu, wametoka kwenda kuangalia mabomba kwa macho. Moja baada ya jingine! Namshukuru Mungu kwa kunipa mpinzani wa namna hii.

Jumanne, 7 Mei

Asubuhi nzima nimerekebisha makosa tisa. Mgongo hauna hali. Nimepiga hesabu: kwa mwendo huu nitamaliza mwezi wa nane. Mwisho ni kesho.

Ndipo nikakiona kisanduku. Kipo pembeni kabisa mwa programu, mtu hakijali. Kinauliza mistari iliyoachana iunganishwe ikiwa imeachana kwa umbali gani. Kilikuwa na nusu mita. Nikaweka mita moja. Makosa 940. Mita tatu: 512. Mita nane: 77. Nikafumba macho, nikaandika kumi na tano.

Sifuri!

Nimesimama nikajipigia makofi. Nimeishukuru kompyuta, nikaipangusa vumbi kwa leso yangu mwenyewe. Nimewashukuru wazazi wangu walionisomesha. Chuoni walitufundisha miaka mitatu na hakuna mwalimu hata mmoja aliyetuambia habari ya kisanduku. Choyo tu.

Nyumbani nimemsimulia mke wangu. Akauliza inakuwaje makosa elfu moja na mia tatu yaishe kwa siku moja, na mtu hajatoka nje ya ofisi. Nikamjibu sayansi imeendelea. Akasema pole na kazi, akanikanda mgongo mpaka nikasinzia. Mke huyu simstahili.

Jumatano, 8 Mei

Nimeng'ara! Mkurugenzi aliomba tuyafuate maji kutoka tangi kuu hadi kituo cha wazazi. Nikabonyeza. Mstari wa buluu ukakimbia kutoka tangi, mtaa hadi mtaa, ukafika. Mkurugenzi akapiga meza kwa furaha.

Bi Gambuti alinyoosha mkono. Akauliza kwa nini maji yameruka kutoka bomba la kulia mwa barabara kwenda la kushoto, kisha yakapitia bustani ya shule. Nikasema maji yana njia zake. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, aliandika kitu kwenye karatasi zake.

Ikaja zamu yake. Makosa 47 bado! Alikiri mwenyewe, hadharani, kwamba hayo yanahitaji kuchimbuliwa ili yaonekane. Nilimwonea huruma. Nikafikiria kumnong'oneza habari ya kisanduku, nikaona bora nisubiri kwanza nithibitishwe kazini.

Alhamisi, 9 Mei

Mimi ni kaimu mkuu. Kiti ni changu! Kinalia kidogo ukiegemea kulia, kwa hiyo naegemea kushoto. Namshukuru mkurugenzi, namshukuru mstaafu, namshukuru hata aliyekitengeneza.

Kazi ya kwanza ya mkuu: kuuliza mtandao Jumamosi tufunge nini. Jibu likatoka kufumba na kufumbua. Fungeni valvu mbili tu, bomba la kushoto, lile lililopasuka, likauke, kituo cha wazazi kitaendelea kunywa kutoka bomba la kulia. Nimelichapa jibu, nikatia sahihi kubwa.

Fundi wa valvu alikuja kuchukua karatasi. Mtu mkimya, mikono kama koleo. Akaisoma, akauliza mabomba hayo mawili yanakutana wapi. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Akasema amefungua na kufunga valvu za barabara ile miaka kumi na tisa na hajawahi kuona yakikutana. Nikamweleza kwa upole kwamba aliye chini kwenye shimo haoni kama aliye juu ya ramani. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Sawa, bosi."

Bosi! Mara ya kwanza maishani. Nilitaka kumkumbatia ila ana grisi.

Ijumaa, 10 Mei

Wakati wa kunywa chai mke wangu aliniuliza jambo moja tu. Kesho maji yatakuwepo? Kituoni wapo akina mama wanne wanaongoja siku, mmoja ana mapacha na hali yake si ya kuchezea. Nikaapa. Nikaapa tena. Alipoondoka, nikamwaga chai iliyobaki.

Ofisini simu ya fundi imeita mara nne. Sikupokea. Mkuu hakimbilii simu. Ila yale maneno yake yalikuwa yananizunguka kichwani, nikaona si vibaya kuyatazama mabomba yale kwa karibu. Nikavuta picha. Nikavuta tena. Nikapima.

Mita kumi na mbili. Katikati yake barabara ya lami, upana wote. Hayakutani popote. Aliyeyakutanisha ni mimi.

Kesho wanafunga bomba la kushoto, na kituo hakina bomba jingine. Nilikuwa na njia mbili. Kumwambia mkurugenzi, kiti kiende. Kumwambia Bi Gambuti, nife kwa haya. Nikabuni ya tatu.

Mapipa! Nimechukua gari la idara, nikakusanya mapipa kumi na mawili, nikayapeleka kituo cha wazazi na bango zuri: ZAWADI YA SHUKRANI KWA WAKUNGA WETU, KUTOKA CHUMBA CHA RAMANI. Nikaanza kuyajaza. Wakunga walifurahi, mmoja akapiga kigelegele. Na shukrani ilikuwa ya kweli, hilo naandika bila kutia chumvi. Wanawake hawa wanafanya kazi kubwa.

Mke wangu akatoka, mikono kiunoni. Akauliza mtu mwenye makosa sifuri anahangaika na mapipa ya nini. Nikasema ni upendo. Akanitazama vile anavyomtazama mjamzito anayedai hasikii uchungu. Sikuweza. Nikamwambia yote palepale, pipa la saba limejaa na la nane halijaanza.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema mapipa hayo hayafiki hata saa sita mchana wodi ikijaa, na kwamba fundi ndiye wa kuongea naye, sasa hivi. Nikampigia. Hakupokea. Mara nne. Sina wa kumlaumu.

Jumamosi, 11 Mei

Niliwahi kituoni kabla ya saa mbili, saa ya kufunga. Nikafungua bomba la uani, nikaweka kiganja chini yake. Nilikuwa nimeamua. Likikata tu, nakimbia kwa mkurugenzi, nasema kila kitu, na kiti wakichome moto wakipenda.

Saa mbili. Maji yanatoka. Saa mbili na nusu, yanatoka. Saa tatu mama wa mapacha akaingizwa ndani, mke wangu akapita mbele yangu mbio bila kunitazama. Kiganja kikaanza kukunjamana. Saa nne na robo nikasikia kilio. Dakika chache nyuma yake kilio cha pili, kikali kuliko cha kwanza. Maji yanatoka!

Nililia. Mtu mzima, ua umejaa watu, mkono umelowa hadi kiwikoni. Sijawahi kushukuru kitu kama nilivyoyashukuru maji yale, na sikuelewa yalikuwa yanatoka wapi.

Nikashika njia kwenda kwenye barabara yenyewe. Nikakuta mpira mnene kama paja umelazwa katikati ya lami, umefunikwa mbao ili magari yapite. Upande huu umefungwa kwenye bomba la kulia, upande ule kwenye la kushoto, mbele ya valvu zilizofungwa. Fundi amekaa mwisho mmoja na spana yake. Bi Gambuti amekaa mwisho wa pili, matope hadi magotini.

Kumbe Alhamisi ile ile fundi alimpelekea karatasi yangu. Bi Gambuti akaiangalia, akaona kosa, akaona pia kwamba wazo la kuleta maji kutoka kulia si baya, kinachokosekana ni bomba la kuyavusha. Mchana wa jana wakachimba, wakaunganisha. Zile simu nne fundi alikuwa anaomba gari la idara libebe mpira. Walipolifuata wenyewe, halikuwepo. Lilikuwa linabeba mapipa. Wakaubeba mabegani.

Nimewashukuru mpaka wakaona aibu. Nimemkumbatia fundi na grisi yake. Bi Gambuti alinipa mkono tu, akasema nikanywe kitu cha moto, nimepauka. Jioni mke wangu alirudi amechoka, akakaa karibu yangu, akasema mapacha wote wazima na mama yao mzima. Kisha akasema nisimwapie tena kitu nisichokijua. Nikaapa.

Jumatatu, 13 Mei

Mkurugenzi amesimuliwa yote. Bi Gambuti ndiye mkuu. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi, na nilipiga kwa moyo. Mimi sikufukuzwa. Nimeagizwa kukirudisha kisanduku kwenye nusu mita, nianze upya, kosa moja baada ya jingine, nikiongozana na fundi. Nimeazimwa hata viatu vya mpira. Idara gani nyingine ingenitendea hivi? Nimeshukuru, nimeinamisha kichwa, nimerudi kwenye kiti changu cha zamani.

Halafu nikakaa nikafikiri.

Mtandao wangu ulisema maji yatavuka barabara mahali pale. Jumamosi yamevuka wapi? Pale pale! Si sentimita ya kulia wala ya kushoto. Basi mtandao haukukosea. Uliwahi tu. Ni mji uliokuwa nyuma, na watu wawili wenye bidii wakausogeza mbele kwa mchana mmoja.

Saa sita fundi anakuja kuutoa mpira. Nimemwandikia barua, ya adabu sana, nikimwomba auache ulipo. Nimeambatanisha orodha ya mahali pengine ambapo mabomba hayajakutana kama mtandao unavyotaka, pamoja na urefu wa mpira unaohitajika kila mahali, kuanzia sentimita sitini hadi mita kumi na tano. Nakala kwa mkuu mpya.

Tisa niliyamaliza kwa mkono wiki iliyopita, moja wamelimaliza wao. Mji umebaki na makosa 1,302. Nawashukuru mapema wote watakaonisaidia kuurekebisha.