Kiyoyozi Juu ya Mto wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari

Mama mkwe anatoka hospitali kesho. Amepasuliwa jicho. Daktari amemwonya mke wangu: tone moja la maji machafu likiingia, jicho litaharibika. Atalala chumba cha wageni, chenye kiyoyozi.

Nimeingia kukagua. Mto umelowa. Nimetazama juu. Tone. Kimya. Tone.

Kitanda kimebanwa na kabati, hakisogei. Fundi? Thubutu. Mimi ndiye niliyemwambia mke wangu asiite fundi, kiyoyozi nitakihudumia mwenyewe. Nimeziba kwa gundi. Siri yangu.

Jumanne, 4 Februari

Shemeji amemleta mama yake. Akasikia tone kabla hata ya kuketi. Akaanza kufundisha: ama mpira wa kutolea maji umeziba, ama chujio limejaa vumbi hadi ndani kunaganda barafu. Kizimwe, chujio lioshwe, mpira uzibuliwe. Huyu huyu aliyepaka mlango rangi huku ameuegemea! Nimemwambia ni saa ya ukutani.

Jumatano, 5 Februari

Gundi imebanduka. Nimepata wazo. Maji yakiganda, hayadondoki. Nimeweka baridi ya mwisho.

Matone yamekoma! Mama mkwe amejifunika mablanketi yote, meno yanagongana. Nimesema ni agizo la daktari. Mke wangu amenikazia macho. Nimekumbuka shughuli nje.

Alhamisi, 6 Februari



Baada ya chakula cha mchana mama mkwe alijilaza. Umeme ukakatika. Nikasikia kiyoyozi kinalia kwa ndani: ka, ka. Barafu inaachia. Nikachukua beseni, nikakimbia. Nilipofungua mlango, maji yakashuka yote, meusi, juu ya mto. Nikateleza, nikaangukia kitanda, nikapapasa mto kutafuta uso wake.

Hakuna kichwa.

Kisha sauti ikatoka upande wa miguuni, taratibu:

"Mkwe wangu, jicho moja limefungwa. La pili linaona. Tangu juzi nalala kichwa huku."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nilingoja useme wewe."

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Akaokota beseni, akaondoka. Angalau angenigombeza.

Ijumaa, 7 Februari

Mke wangu amemwita shemeji mbele yangu. Shemeji akazima umeme wa kiyoyozi, akatoa chujio. Vumbi nene kama blanketi. Akaliosha, akalianika. Akaenda nje kuzibua mpira. Nyigu walikuwa wamejenga humo, udongo mtupu. Ukatoka, na maji yenye utelezi nyuma yake. Kiyoyozi kikawashwa. Kikavu.

Mama mkwe amerudi kwa daktari. Jicho ni salama. Nilijifungia chooni, nikalia kidogo. Nikatoka nikikohoa.

Jumapili, 9 Februari

Mke wangu ameanza kuzungumza nami, kwa ufupi. Nikatumia nafasi hiyo kumfafanulia kwamba barafu yangu ndiyo iliyolegeza ule uchafu. Shemeji alikuta kazi imekwisha. Mama mkwe akacheka mpaka akashika bandeji.

Jioni nimekuta dimbwi chini ya friji. Dogo tu. Hakuna mwingine aliyeliona. Nimetandika zulia juu yake.